Mjumbe Aliyeomba Maji Akaombwa Radhi

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kilimani, nimelala juu ya godoro ambalo bado halijavuliwa nailoni, mara bati likaanza kulia nje: ko-ko-ko, ko-ko-ko, mlio mkavu wa chuma juu ya chuma, ukipanda kutoka chini ya majabali na kuzunguka nyumba moja baada ya nyingine kama mbwa anayemtafuta mwenyewe. Nikadhani ni mwizi. Kisha nikadhani ni moto. Nilipofungua dirisha nikasikia jirani akiusukuma mlango wake kwa mguu, akiniambia bila hata kugeuka, "Ni Mjumbe huyo. Boza la maji limekuja. Kama huna ndoo, lala."

Ndivyo alivyoingia maishani mwangu, mfuniko wa sufuria mkono wa kushoto na mwiko wa chuma mkono wa kulia, mwanamke mrefu, mzito wa magoti, mwepesi wa ulimi. Kwa mujibu wa cheo chake alipaswa kusimamia nyumba kumi. Lakini watu wa Mwanza hujenga popote jiwe linapoacha nafasi ya kuweka jiwe lingine, na nyumba kumi zake zilikuwa zimezaana mpaka hakuna aliyejua tena mpaka wa himaya yake. Yeye alijua. Aliyemsikia akigonga mfuniko alikuwa mtu wake. Na kila mtu alimwita Mjumbe, wajukuu zake wakiwemo, na padri pia, hata yule mzee wa Kijita aliyeuza dagaa kona ya Buzuruga na ambaye hakuwahi kumwita mtu yeyote kwa heshima.

Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sitaki msomaji adhani ni majonzi. Majonzi yangekuwa rahisi zaidi.

Alitoka ng'ambo ya ziwa, Kagera, na majirani Wasukuma hawakuchoka kumtania kwa hilo. "Mjumbe, nyie Wahaya hata mkikopa chumvi mnakopa kwa maringo!" Naye alijibu, "Naringa kwa sababu nitarudisha, waitu, ndugu yangu. Wewe unyenyekevu wako umejaa vibakuli vyangu." Mgeni akiingia kwake alipewa kwanza punje chache za kahawa ya kutafuna, zile zinazochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake, zilizotumwa na dada yake kwa meli. Hukuruhusiwa kueleza shida yako kabla ya kutafuna. Alisema mtu mwenye kitu mdomoni hawezi kudanganya haraka.

Kazi yake kubwa ilikuwa kusuluhisha ugomvi, na kilimani petu ugomvi wote, ukiuchimba, chini yake utakuta maji. Nakumbuka kesi ya fundi pikipiki na jirani yake mfuga bata. Mvua ilinyesha, maji yakatiririka kutoka kwenye bati la fundi yakaingia kwenye ndoo ya yule mama, ndoo aliyoitega kwa makusudi upande wa fundi. Wakafikishana kwa Mjumbe wakiwa wamelowa.

"Bati ni langu," fundi akasema.

"Ndoo ni yangu," mama akasema. "Na mvua umeinunua wewe?"

Mjumbe akatafuna kahawa yake taratibu. "Fundi, ndoo yako ilikuwa wapi mvua iliponyesha?"

"Huyu mama kila siku ana..."

"Sijakuuliza habari za mama. Ndoo yako ilikuwa wapi?"

"Ndani."

"Basi maji yamekwenda kwa aliyekuwa macho. Mgawane. Na kikombe kimoja mniletee mimi, nimewafungulia mlango nikiwa naumwa."

Hakuwa anaumwa. Kikombe alikipata. Sikumjua kama malaika, na sitamchora hivyo. Alijipakulia pilau harusini kabla ya bwana harusi. Alijua mpangaji gani ameingia na nani na ametoka na nani, na kama hakujua aliuliza. Mimi aliniita Mwandishi, akinipiga kijembe kila tulipokutana njiani: "Mwandishi, leo umeandika nini ambacho hakijatokea?" Aliwafagilisha wapangaji njia ya mawe kila Jumamosi, naye amesimama mikono kiunoni, akisingizia magoti, magoti.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililotufarakanisha kila mara mimi na yeye. Aliwapenda viongozi. Aliwapenda kwa dhati, kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Ukuta wa sebule yake ulijaa picha zao, wale wa zamani wamepauka kwa jua, wa sasa wanang'aa, na kitenge cha chama alikivaa hata kwenda kliniki ya magoti. Uani kwake mtu hakuruhusiwa kumsema kiongozi vibaya.

"Serikali ni mzazi," alisema.

"Mzazi gani huyu anayemnyima mwanawe maji?" nikamuuliza siku moja.

"Mzazi aliyesahau. Anakumbushwa, hatukanwi. Nyie vijana mnadhani kukumbusha ni kutukana kwa sababu hamjui kukumbusha."

Nilimcheka. Leo najua kwamba kati ya watu wote wa kilima kile, yeye peke yake ndiye aliyewachukulia viongozi kwa uzito. Sisi tuliowatukana tulikuwa tumeshakata tamaa nao.

Ukisimama mlangoni kwake unaliona ziwa. Lazima nilieleze hili kwa msomaji wa mbali. Unaliona lote, limetandazwa kama bati jipya, mitumbwi juu yake, na ng'ambo kule moshi wa wanaobanika samaki. Ukitega sikio unaweza kujidanganya kwamba unalisikia. Na mkononi una ndoo tupu. Bomba kubwa linapita bondeni kuelekea viwandani, Nyakato, na tawi lake dogo lilichimbiwa mpaka mguuni mwa kilima, likafunikwa kwa kifusi, likaachwa hapo. Mama zetu hushuka na kupanda mawe yale wakiwa na maji kichwani, na boza likija, huja kwa bei ya mwenye boza.

Kwa hiyo kiongozi mmoja mkubwa, ambaye sitamtaja kwa kuwa wapo wengi wa aina yake, alipokuja kufanya mkutano kwenye uwanja wa shule bondeni, Mjumbe alivaa kitenge chake, akapaka mafuta magoti, akapanga foleni ya kuuliza maswali. Nilikuwa nyuma yake. Alipopewa kipaza sauti alipiga goti kidogo, goti lile bovu, akasema:

"Shikamoo Mheshimiwa. Bomba limefika mguuni mwa kilima. Tunaomba kujua litapanda lini."

Ni hayo tu. Hakuongeza neno.

Mheshimiwa akatabasamu. Aligeuka akalionyesha ziwa kwa fimbo yake. "Mama, ziwa lote lile mlangoni kwako, unaniuliza mimi maji? Wenzenu wa kwenye ukame wakiwasikia watawacheka. Ziwa si la kupigia picha. Chukueni ndoo, mteremke. Kina mama wa siku hizi mmekuwa wazito, mnataka maji yawafuate kitandani."

Watu walicheka. Nataka niseme ukweli huu kwa kuwa baadaye ulitumika vibaya: tulicheka. Tulicheka kama mtu anavyocheka akijikwaa mbele ya wakwe. Mjumbe alibaki ameshika kipaza sauti, akisubiri, kwa sababu swali lake lilikuwa bado halijajibiwa. Kijana wa mitambo akaja akamnyang'anya.

Jua lilikuwa halijazama kauli ile ilipofika kila simu. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanza hasa, maana Mheshimiwa nilikuwa namjua, lakini hawa wengine nilidhani wako upande wetu.

Magazeti yaliandika KITANDANI kwa herufi kubwa kama nyumba. Televisheni za mtandaoni zilikata kipande cha mwisho tu, kile cha uzito na kitanda, zikakirudia mpaka mtoto wa miaka mitatu kilimani akawa anakiigiza. Redio zikaita wataalamu. Mmoja alieleza maana ya heshima katika uongozi. Mwingine alieleza historia ya mwanamke na ndoo barani Afrika. Wa tatu alisema kauli imekatwa, tusihukumu haraka, na kwamba hata waliokuwepo walicheka. Wakabishana kwa Kiswahili safi kabisa: ni tusi, si tusi, ni utani, aombe radhi, asiombe. Swali la Mjumbe lilikuwa limekatwa tangu mwanzo. Hata kwenye video ndefu zaidi Mheshimiwa anaanza na neno "Mama," kana kwamba aliamka tu asubuhi akaamua kumjibu mwanamke ambaye hajasema kitu.

Nenda sasa kona ya Buzuruga, kule magazeti yanakotundikwa na watu kuyasoma kwa kusimama bila kununua. Nilikwenda makusudi. Watu walisoma vichwa vya habari wakasonya.

"Wamesema lini maji?" akauliza mama mmoja wa vitumbua ambaye hakujua kusoma.

"Hawajasema. Wanasema ametukana."

"Najua ametukana, nilikuwepo. Maji lini?"

Fundi pikipiki, mikono myeusi kwa oili, akasema, "Mimi anitukane mpaka kesho. Anitukanie na ukoo mzima. Alete bomba. Nani atamshtaki?"

Mzee wa dagaa akadakia kwamba Mheshimiwa amesema kweli, yeye mwenyewe hushuka ziwani kila siku na hajafa. Wakamzomea. "Wewe unashuka kuoga, mzee, hubebi!" Watu walikuwa na maoni mengi, yanayopingana, makali, ya kuchekesha. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na haja na radhi. Na hakuna kipaza sauti hata kimoja kilichosimama kona ile, ingawa gari la watangazaji lilipita mara mbili, vioo vimepandishwa, likiwahi mjini kumhoji mtaalamu wa maoni ya wananchi.

Mjumbe alikuwa akizisikiliza redio zile zile uani kwake. Vijana walipokuja kumpa pole kwa matusi ya Mheshimiwa aliwafukuza. "Msimtukane uani kwangu. Sijaja kwenu na kidonda." Kisha akaniuliza mimi, kwa mshangao ambao siwezi kuusahau, "Mwandishi, mbona hawasemi nilichouliza? Kipaza sauti si kilikuwa kinafanya kazi?"



Kelele zilipozidi, Mheshimiwa aliamua kuomba radhi. Na kwa kuwa radhi isiyo na kamera haihesabiki, aliamua kuja kuiombea kilimani. Hatukuambiwa. Mwenye boza ana desturi ya kupiga honi tatu ndefu akianza kupanda njia ya mawe, ili watu watoke. Asubuhi ile tukasikia honi ndefu chini kwenye kona. Ilikuwa gari la mbele la msafara likifukuza mbuzi. Mjumbe alikuwa anachambua maharage. Aliyamwaga. Akachukua mfuniko na mwiko akatoka akigonga kuliko siku zote, "Maji! Jamani maji! Tokeni!" na kilima kizima kikatoka, wanawake wenye sabuni usoni, wengine na kanga moja, ndoo za njano na za buluu na madumu, wakiteremka mbio na kucheka kwa furaha kwa sababu boza halikuwa limeonekana tangu juma lililopita. Mbele yao wote Mjumbe, ndoo kichwani, uso umechanua.

Na hivyo ndivyo kamera zilivyomkuta.

Magari meusi yakasimama. Wanawake wakasimama. Mheshimiwa akashuka akizitazama zile ndoo, na naapa nilimwona akishangaa, na nikamwona akiugeuza mshangao huo kuwa tabasamu. Akamwendea Mjumbe, akainama, akasema maneno mazuri sana ya radhi. Yalikuwa mazuri kweli. Mtu fulani alikuwa ameyaandika vizuri. Mjumbe, ndoo bado kichwani, akamwitikia kama alivyofundishwa kumwitikia mgeni. "Karibu Mheshimiwa. Lakini bomba..." Hapo walinzi walikuwa wameshaanza kupiga makofi.

Jioni hiyo habari ilikuwa moja nchi nzima: WANANCHI WAMPOKEA KWA NDOO. "Wameonyesha kwa vitendo kwamba wameielewa kauli yake," akasema msomaji wa habari. Wale wale waliopiga kelele juu ya tusi sasa walisifu unyenyekevu. Wataalamu wakarudi wakaeleza uzuri wa kusamehe. Na picha iliyozunguka ilikuwa moja: mama mrefu wa kitenge, ndoo kichwani, anacheka kwa furaha.

Mimi nilivunja kikombe. Yeye hakuvunja kitu. Alikaa.

Kilima ndicho kilichomvunja yeye. Watu wale wale walioteremka naye na ndoo walianza kusema amelipwa. Kwamba alijua. Kwamba aligonga mfuniko makusudi, awatoe wenzake kama mifugo wakapigwe picha. Watoto wakamwita Mama Kwa-Ndoo. Mfuga bata, aliyegawiwa maji ya mvua na mdomo wa Mjumbe, alipita mbele yake bila shikamoo. Na siku fundi pikipiki alipogombana na mkewe, waliupeleka ugomvi wao kwa mjumbe wa upande wa pili, wakashuka mbele ya nyumba ya Mjumbe wetu wakipiga kelele, naye amesimama mlangoni, mdomo wazi kidogo, kama daktari aliyerukwa na mgonjwa.

"Hawaji tena," aliniambia. Nilikuta kibakuli cha kahawa kimejaa mpaka juu. "Mtu akikuonea umwambie. Lakini mtu akikuonyesha unacheka mahali ulipokuwa unalia, utamwambia nani?"

"Twende ukaseme wewe mwenyewe," nikamwambia. "Redio."

Alikataa, kisha akakubali. Alitaka jambo moja tu: watu wa kilima wasikie kwa sauti yake kwamba alidhani ni boza. Wakilisikia hilo watarudi. Nilipiga simu kituo kimoja mjini, nao walifurahi kupita kiasi. Huyo ndiye mama wa ndoo? Aje kesho, kipindi cha asubuhi, mubashara!

Sasa nifike siku hiyo, ambayo ndiyo ya mwisho niliyomwona akiwa Mjumbe, maana baada yake hakugonga mfuniko tena. Hakuvaa kitenge cha chama. Alivaa gauni la kanisani. Waliniruhusu kukaa ndani ya studio, kwenye kiti cha pembeni. Ukutani kulikuwa na sponji nyeusi kila mahali, na mtangazaji alikuwa kijana mwenye sauti kama asali, anayempa mkono kila mtu.

"Shikamoo mama yetu kipenzi!"

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, Watanzania wote wamekuona na ndoo yako. Ile siku unampokea Mheshimiwa, moyoni ulijisikiaje?"

"Nilidhani ni boza."

Mtangazaji alicheka. Kidole chake kikabonyeza kitufe, na kicheko cha watu wengi ambao hawakuwepo kikajaa chumba. "Mama ana utani huyu!"

"Si utani. Tulisikia honi, tukadhani ni maji. Wote. Mimi ndiye niliyewaita, na sikulipwa. Wa kilimani mnanisikia? Nilidhani ni maji."

"Wow. Kwa hiyo kwako wewe Mheshimiwa alikuwa kama maji, maana yake uhai. Msikilizaji, unaona jinsi mama zetu wanavyozungumza kwa mafumbo?"

Nilitaka kusimama. Mjumbe alinitazama mara moja, macho yake yakiniuliza kama amesema Kiswahili. Kisha akamrudia kijana, polepole, kama anavyomrudia mtu aliyekuja kwake na ugomvi wa uongo.

"Mwanangu. Niliuliza bomba litapanda lini."

"Tutalifikia hilo mama, muda upo. Lakini wasikilizaji wanataka kujua: umemsamehe?"

"Sikukosewa adabu. Nimekosewa maji."

"Kauli nzito hiyo! Kwa hiyo hukuona kosa lolote katika maneno yake?"

Saa ya studio, ile ya taa nyekundu, ikaendelea kuhesabu. Nikaona namna anavyoelewa, na ilikuwa vibaya kuitazama, kama kumwona mtu akigundua kwamba daraja analokanyaga limechorwa. Alielewa kwamba neno lolote atakalolitoa mdomoni litaingia katika mashine ile likatoke limevaa nguo za mwingine. Alipovua vile vipokea sauti vya masikioni walivyomvisha, nywele zake za mvi zilinyanyuka kidogo pembeni, naye hakuzirekebisha. Akasimama kwa kushika meza. Magoti yalilia.

"Kazi njema, mwanangu," alimwambia, kwa adabu kamili.

Mtangazaji hakupoteza hata pumzi. Alikisogelea kipaza sauti, sauti ikazidi utamu. "Naam, mama yetu hisia zimemzidi, inaeleweka kabisa. Ametoka kidogo kunywa maji, atarudi nasi baada ya muziki huu."

Nilipogeuka, mlango mnene wa studio, uliotengenezwa ili sauti ya nje isiingie, ulikuwa umeshajifunga nyuma yake.